Sauti Niliyokutumia Wewe Tu

"Tulia basi, nitakuchoma!" Mama alisema, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni.

Elna Mickelsen alisimama juu ya kigoda katikati ya sebule, gauni la harusi limemwagika hadi sakafuni. Simu yake ilikuwa mezani, ikitetema tangu asubuhi.

"Mama, nipe hiyo simu."

"Ya nini? Graydon huyo. Mwache akukose kidogo, atakuona maisha yake yote."

"Graydon hapigi mara kumi na saba."

Mama yake, Janeal, akaiokota simu, akatazama kioo, akakunja uso. "Ni Dada Verla. Huyu naye, kama ni keki nilimwambia tumeshapata."

Elna akapokea.

"Elna! Mmeona?" Verla alikuwa jirani yao na mwenzao wa kanisani, na sauti yake ilikuwa haina pumzi. "Hiyo filamu ya mchumba wako, wametoa kionjo. Mungu wangu, Elna. Baba yako yuko wapi? Msimwache aione peke yake."

Elna akafungua. Mama akasogea, kidevu chake kikagusa bega la binti yake.

Kwanza likaja hekalu la Wamormoni la Manti, mji wao huko Utah, juu ya kilima chake, lile lile wanaloliona kila siku kutoka dirisha la jikoni, ila hapa lilikuwa limetiwa mawingu meusi na muziki wa msiba. Kisha wanawake wa kata yao ya kanisa wakicheka, mwendo umepunguzwa, mpaka kicheko kikawa kama kilio. Kisha baba yake, Orson Mickelsen, akitembea kuelekea banda la bata mzinga, rangi zimefifishwa, uso gizani, utadhani mchinjaji wa watu. Na juu ya picha ile, sauti ya Elna mwenyewe, laini, karibu na sikio:

"Baba alimfukuza Ammon. Alisimama pale kizingitini na begi lake, hana hata koti. Na hakuna aliyejua, miaka minane."

Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe: *Nyuma ya kila tabasamu, kuna mlango uliofungwa.*

Mama alizitoa pini mdomoni moja moja, akaziweka mezani.

"Hiyo ni sauti yako," alisema.

"Mama, wamekata maneno."

"Sijauliza kama wamekata. Nimesema ni sauti yako."

Ammon alikuwa mdogo wake Elna. Alipotimiza miaka kumi na tisa alikwenda umisionari Boise, kule Idaho, kama vijana wote wa kata yao wanavyokwenda, shati jeupe na kibandiko cha jina kifuani. Mwezi wa nne akashindwa. Hakumwambia mtu, alitoka asubuhi moja na begi lake, akatoweka. Orson na Janeal waliposikia walipanda gari kwenda Boise, wakamtafuta siku tatu, hospitali hadi stendi ya mabasi. Hawakumpata. Miezi miwili baadaye ikaja kadi ya posta: *Niko hai. Msinitafute.* Basi. Miaka minane.

Watu wa bonde lile ni wema, lakini wana midomo. Orson ndiye askofu wa kata, yaani kiongozi wa usharika mmoja, kazi isiyo na mshahara. Siku sita anafuga bata mzinga, ya saba anasikiliza shida za watu. Wakanong'ona kwamba askofu alimkataa mwanawe kwa sababu ya aibu. Orson hakuwahi kuwajibu.

Elna akavua gauni, akaingia chumbani kwake, akapiga simu Los Angeles.

"Mpenzi," Graydon alipokea haraka, "nilikuwa nataka nikueleze kabla hujaona."

"Ule ujumbe wa sauti nilikutumia wewe."

"Najua."

"Nilikutumia wewe, Graydon! Nimelala, nimezima taa, nimekuambia kitu ambacho sijamwambia hata Mungu kwa sauti. Umekwenda kuwasikilizisha watu?"

"Ulikuwa kwenye kompyuta ya kazi. Mhariri aliukuta. Na ile fomu uliyotia sahihi inasema sauti yoyote..."

"Usinisomee fomu."

"Ni kionjo tu. Filamu nzima ina mizani yake. Nitakuja, tuongee ana kwa ana. Siku hizi mbili usiongee na mwandishi yeyote. Elna? Unanipenda bado?"

Elna akakata simu.

Graydon Pell alikuja Manti mwaka uliopita na kamera mbili. Alisema amechoka kuona Wamormoni wakionyeshwa kwenye televisheni ama kama majuha wanaotabasamu ovyo, ama kama wanaume wenye wake saba shambani. "Nataka kuwaonyesha mlivyo," alimwambia Orson mezani, akila viazi vya jibini vya Janeal, sahani ya tatu. Orson akamwamini, akamfungulia mpaka banda. Elna naye akamfungulia moyo. Graydon hakuwa muumini, kwa hiyo ndoa isingefungwa hekaluni. Jambo hilo lilimuuma Orson hadi kwenye mifupa, lakini hakulisema. Alinunua mbegu mpya za nyasi, akapanda uani, akawa anamwagilia mwenyewe, kwa ajili ya harusi.

Jioni ile Orson aliingia jikoni, akavua kofia. Alikuwa ameshaiona. Madereva wa malori ya chakula cha bata walimwonyesha.

"Kaa, mwanangu," alisema.

Elna akakaa.

"Najua hukusema hivyo."

"Baba..."

"Ngoja. Nimekulea, naijua sauti yako ikiwa na uongo na ikiwa haina. Wamekukata maneno. Kijana yule nilimlisha, lakini sitaki umchukie kwa ajili yangu. Mimi watu wameshanisema sana, ngozi imekuwa sugu."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Elna akayameza.

"Pole, Baba," ndilo lililotoka.

Na kulikuwa na aibu nyingine chini ya ile. Alipokisikia kile kionjo mara ya kwanza, kabla hasira haijaja, moyo wake ulishusha pumzi. Kwa nukta moja tu. Ulisema: afadhali, hawakunitaja mimi.

Jumapili, kanisani, watu walijaa kuliko Pasaka. Wengine walimkumbatia Orson, wengine walimkumbatia huku wakimchunguza macho. Huko mtandaoni watu ambao hawajawahi kukanyaga Utah walikuwa wanaandika chini ya ukurasa wa shamba lake: *Muuaji. Hawa ndio wanaohubiri familia ni milele? Huyu babu afungwe.* Mmoja alipiga simu ya nyumbani saa sita mchana, Janeal akapokea, akaambiwa neno ambalo alikataa kulirudia hata kwa mumewe.

Baada ya ibada Verla akawafuata kwenye maegesho.

"Askofu, tusikae kimya. Tutengeneze video yetu! Wewe na Dada Janeal mmekaa uani, mmeshikana mikono, mnatabasamu. Elna anasema baba yangu ni mwema. Dakika moja tu. Mimi nina wafuasi elfu hamsini wa mapishi, itasambaa."

"Mke wangu hajalala siku tatu, Dada Verla," Orson alisema. "Utamtoa wapi tabasamu?"

"Tutampaka vipodozi kidogo."

"Hapana. Wao wametupaka masizi, nawe unataka kutupaka unga. Sisi tukae lini na nyuso zetu?"

Ndani ya gari Elna alitazama mikono ya baba yake kwenye usukani.

Jumatatu mchana Graydon akafika. Aliendesha kutoka Los Angeles bila kulala, macho mekundu, shati limekunjamana. Elna hakumkaribisha ndani. Waliongelea uani, juu ya nyasi changa.

"Futa," Elna alisema.

"Siwezi. Si yangu tena, ni ya kampuni."

"Basi waambie waweke ujumbe wote. Kama nilivyousema."

"Una uhakika unajua unachoomba?"

"Unanitisha?"

"Nakuuliza. Wakubwa wa kampuni waliusikia wote, Elna. Walitaka kuutumia mzima. Walishaandika mpaka kichwa: dada Mmormoni amfungia nduguye mlango ili aolewe na mtoto wa mkubwa wa kanisa. Uso wako ungekuwa kwenye kila simu Amerika. Nikapigana nao wiki nzima. Nikasema, Elna muacheni. Wakasema, basi leta mtu mwingine, filamu haiendi bila mtu wa kuchukiwa."

"Ukawapa baba yangu."

"Ilibidi nichague. Nikamchagua ninayempenda."

"Baba yangu alikulisha!"

"Mzee ni mgumu, atahimili. Wewe usingehimili."

"Ulisema utatuonyesha tulivyo."

"Na nani angetazama?" Sauti ya Graydon ikapasuka. "Askofu anayeamka alfajiri kulisha ndege, akimaliza anampelekea mjane supu? Nilikuwa na saa arobaini za hiyo picha. Nilizipenda. Walizikataa zote. Watu wanataka jela yenye mnara mweupe. Wakikosa hiyo, wanataka kichekesho."

"Hukuniuliza mimi."

"Ningekuuliza ungesema nini? Kweli kabisa, Elna. Ningekuambia chagua, wewe au baba. Ungesema nani?"

Elna akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Graydon aliona, na uso wake ukalegea kwa huruma, na huruma ile ilimkera Elna kuliko matusi yote ya mtandaoni.

"Unaona?" Graydon alisema taratibu. "Nilikujua. Tuondoke. Tufunge ndoa popote. Hawatajua kamwe."

Elna akavua pete. Ilikataa kidogo kwenye kiungo, akaivuta kwa nguvu.

"Umenijua, ni kweli," alisema. "Ulinijua nilivyo mwoga, ukaona hapo ndipo pa kujenga nyumba yetu. Chukua."

"Elna, nakupenda."

"Najua. Usingenipenda, leo ningelala usingizi."

Gari la Graydon lilipotoka barabarani, Elna hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bandani kabla miguu haijabadili nia.

Bata mzinga elfu tatu walikuwa wanapiga kelele. Orson alikuwa amepiga magoti akirekebisha bomba la maji.

"Baba, Ammon alikuja nyumbani."

"Ati?"

"Ammon! Alikuja nyumbani!"

Orson akasimama. "Lini? Leo?"

"Ile Ijumaa. Mlipokuwa Boise."

Baba yake akasogea karibu, ili asikie vizuri.

"Wazazi wa Tate walikuwa sebuleni," Elna alisema. Tate alikuwa mchumba wake wa wakati ule, mtoto wa rais wa kigingi, mkubwa wa kanisa wa eneo lote. "Walikuja kupanga harusi. Akagonga, nikafungua mimi. Nikamwambia usiingie. Wakwe wako ndani, wataonaje, mmisionari amekimbia. Nikamwambia nenda mji wa Nephi kwa binamu, nitakufuata Jumapili. Akaenda. Nephi hakufika. Na mlipouliza, nikasema hakuja mtu."

Uchumba wa Tate wenyewe ulivunjika miezi mitatu baadaye, kwa sababu ambayo hata Elna haikumbuki vizuri.

Orson alikaa juu ya gunia la chakula.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati jeupe. Kibandiko cha jina alikuwa amekitoa."

"Koti?"

"Hakuwa nalo."

"Ulimpa?"

Elna akatikisa kichwa.

"Alikula?"

"Hapana, Baba."

"Aliniulizia?"

Elna alikuwa akilia sasa, kamasi na machozi, hajifuti. "Alisema, 'Baba yupo?' Nikasema amekwenda kukutafuta. Akasema, 'Amekasirika?'"

"Ukamjibu nini?"

"Sikujibu. Nilikuwa nageuka nyuma, naangalia kama wakwe wamesikia."

Orson akainamisha kichwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mzee ambaye Elna hakuwahi kukutana naye.

"Miaka minane nimejiuliza mwanangu aliniogopa nini. Nimezikumbuka fimbo zote nilizompiga, ni mbili tu, nimezikumbuka usiku na mchana. Mbili, Elna. Nilidhani ni hizo."

"Baba, nisamehe."

"Nenda ndani."

"Baba..."

"Nimesema nenda ndani. Mama yako nitamwambia mimi."

Kupitia ukuta Elna alimsikia mama yake akilia, hakusikia maneno. Akaifungua simu. Ujumbe ulikuwepo bado, upande wake wa mazungumzo na Graydon, kati ya busu na habari za keki. Akauweka kwenye ukurasa wake bila muziki, bila picha ya hekalu, bila maelezo:

"Graydon, sijawahi kumwambia mtu hili. Watu hapa husema eti baba alimfukuza Ammon. Baba hata hakuwepo. Walikuwa Boise wanamtafuta. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Alisimama pale kizingitini na begi lake, hana hata koti. Nikamwambia asiingie, wakwe wako ndani, wataonaje. Na hakuna aliyejua, miaka minane."

Ulisambaa kuliko kionjo. Waliolipenda kanisa wakaandika: mmeona, filamu ni uongo mtupu. Waliolichukia wakaandika: mmeona dini hii inavyowafanya watu. Waandishi wa habari wakapiga, wote wakitaka Elna alie mbele ya kamera. Karibu wote walisahau kuuliza Ammon yuko wapi.

Verla naye akapiga. "Umefanya jambo gumu, mpenzi wangu. Umelisafisha kanisa."

"Sikuwa nalisafishia kanisa, Dada Verla," Elna alisema, akaiweka simu chini.

Kampuni ikakiondoa kionjo mtandaoni kwa wiki moja. Kikarudi kipya, na sauti ya Elna yote, mwanzo mpaka mwisho, na uso wake ukiwa umepunguzwa mwendo. Graydon akatuma ujumbe: *Nilijaribu kuwazuia. Sasa unaona nilikuwa nakukinga na nini.* Elna akausoma mara moja, akaufuta.

Siku ya tisa tangu Elna aseme kule bandani, saa nne asubuhi, simu ya jikoni ililia. Orson ndiye aliyekuwa karibu. Siku zote tisa alikuwa hajamwambia Elna zaidi ya "pisha" na "asante".

"Mickelsen," alisema.

Elna akaona bega la baba yake likigonga ukuta.

"Ndiyo, ni mimi... Sema tena... Ndiyo, ni Baba." Akaikamata simu kwa mikono miwili. "Sijakasirika. Sijawahi. Hapana, mwanangu, sikiliza, sijawahi hata siku moja... Wapi? Spokane? Janeal! Janeal, njoo!... Una mtoto? Wa miaka mingapi?... Tunakuja. Hapana, leo. Tunatoka sasa hivi."

Baada ya nusu saa gari lilikuwa tayari. Janeal alipakia nusu ya friji. Elna alitoka akiwa amevaa koti, begi dogo mkononi. Baba yake alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva.

"Wewe unabaki," alisema.

"Nataka nimwambie mwenyewe. Ana kwa ana."

"Ameomba tuje wawili."

Begi likamponyoka Elna, likaanguka kwenye changarawe. "Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Na wewe, Baba? Niseme nini ndipo unisamehe?"

Orson akatazama nyasi zake, zilizoota vizuri mno kwa ajili ya watu mia mbili ambao hawatakuja.

"Miaka sita nimekalia kiti cha askofu," alisema. "Wamekuja walevi, wazinzi, waliopiga wake zao. Wote nimewaambia Mungu amewasamehe, na niliamini kila neno. Kwako wewe nimejaribu siku tisa na halitoki. Ningeweza kulisema tu ili ufurahi. Lakini ningekuwa naigiza, Elna, na nyumba hii imeshaigizwa vya kutosha."

Akaingia garini. Mama alishusha kioo, akaushika mkono wa Elna, akaubana kwa nguvu, akauachia. Gari likashuka kuelekea barabara kuu.

Siku mbili hakuna aliyempigia. Alilisha ndege, akawapa maji, akajibu waandishi wawili kwamba hapana. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa mama:

*Ni fundi wa lifti. Amenenepa. Baba yako hajamwachia mkono tangu tufike, mpaka kijana anakula kwa mkono wa kushoto. Mtoto anaitwa June. Nilimuuliza Ammon kama anataka kuongea nawe. Amesema hapana, siyo sasa. Nikamuuliza lini, akasema hajui. Usimlazimishe.*

Elna akaandika kwamba anaelewa. Akaandika kwamba anampenda Ammon, kwamba hakuna siku aliyowahi kumsahau, kwamba kama angeweza kuirudisha ile Ijumaa. Akayasoma tena, akaona yote yalikuwa maneno ya mtu anayetaka kuhurumiwa.

Akayafuta. Akaandika: *Sawa, Mama. Sitamlazimisha.*

Kisha akazima simu, akavaa mabuti ya baba yake, akaenda kuwalisha bata mzinga.